Mwanangu yuko awali na bado hajui kusoma: nimpeleke tuisheni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora, Tanga. Mkubwa ana miaka mitano na nusu, yuko awali katika shule ya serikali. Asubuhi nauza vitumbua na chai mbele ya nyumba, jioni nakaanga samaki. Baba yao anaendesha bajaji, anarudi usiku. Tunaishi na mama mkwe wangu. Yeye hakusoma shule, na akiwa na mtoto huongea naye Kidigo. Sasa mtoto wa jirani, wa umri huo huo, yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza. Anaandika A mpaka Z na anahesabu mpaka hamsini kwa Kiingereza. Wangu hata jina lake linamshinda. Nikimkalisha na daftari jioni analia, na herufi nyingine anaziandika zimegeuka. Mchana anakwenda madrasa, nahofia herufi za kule zinamchanganya. Mtaani kuna mwalimu wa tuisheni, nimpeleke? Au nimnunulie tableti ya kujifunzia? Niko tayari kujinyima, ila sijui pa kuanzia.

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwa kifupi, tuisheni usimpeleke, tableti usinunue, na lile daftari la jioni lifunge kwa sasa. Lakini umeuliza pa kuanzia, na kukataza peke yake si jibu, kwa hiyo nivumilie nikueleze kirefu. Kazi yangu ni watoto wa awali na walimu wao hapa Tanga, na nyumba kama yako nimeingia nyingi. Nyumba uliyonieleza ina bibi, ina biashara mlangoni, na ina mdogo mtu wa kucheza naye. Hivyo ni vitu ambavyo mwalimu wa awali angevitamani darasani kwake na hawezi kuvipata.

Kwanza tuelewane mtoto wa awali anatakiwa kujua nini, maana hofu yako imeanzia hapo. Mtaala wa elimu ya awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016 ulimtaka mtoto awe na umahiri wa kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Kusoma na kuandika kumo kama matayarisho. KKK yenyewe, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ndiyo kazi kubwa ya darasa la kwanza na la pili. Madarasa hayo mawili yalipangiwa mtaala wake mwaka 2015 kwa ajili ya jambo hilo hasa. Kwa hiyo mwanao wa miaka mitano na nusu asiyesoma hajachelewa. Wakati wake haujafika.

Swali ni kama anaandaliwa, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kusoma huanzia sikioni na mdomoni, mkono unakuja baadaye. Mtoto akiona "ba" na "ta" ubaoni, ili apate bata ni lazima awe tayari anasikia kwamba neno bata lina vipande viwili, na kwamba vipande hivyo vinaweza kupasuliwa na kuunganishwa. Asiposikia hivyo, atakariri. Ataimba ba be bi bo bu kuanzia juu mpaka chini bila kukosea, lakini ukifunika ubao wote ukamwachia silabi moja ya katikati na kumwuliza hii ni nini, anakuangalia tu. Watoto wa namna hiyo nawakuta mpaka darasa la pili: anasoma ukurasa mzima wa kitabu alichokizoea, macho yako dirishani, na ukimpa kitabu kingine anakwama kwenye neno la kwanza.

Lugha yetu imeturahisishia. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, irabu ni tano na kila moja ina sauti yake popote ilipo, na silabi nyingi ni fupi na huishia na irabu. Mtoto akishazoea kusikia silabi, kuziona ubaoni kutamchukua muda mfupi kuliko unavyodhani. Kazi ya kuzisikia haihitaji penseli, daftari wala meza. Inaweza kufanyika huku umeinamia jiko.

Fanya hivi. Unageuza vitumbua, mwite jina lake kwa kulikata vipande, na kila kipande kofi moja. Kisha mwambie naye alikate la bibi yake, la mdogo wake, halafu kitumbua: ki-tu-mbu-a, makofi manne. Siku tatu nne za mwanzo hilo linatosha, na yeye mwenyewe ataanza kukata maneno bila kuambiwa: ba-ja-ji, sa-ma-ki, sa-ba-sa-ba. Hapo ongeza ugumu kidogo. Mtafute pamoja vitu vinavyoanza na sauti moja: samaki, sahani, sabuni. Akikosea akakwambia kijiko, usimkemee. Yatamke yote mawili polepole, sa-hani, ki-jiko, mwulize kama yameanza sawa. Wiki nyingine mpe neno mkalikate kichwa: sema kikombe, sasa sema tena bila "ki". Akipata kombe atacheka, na katika kucheka kule amefanya kazi ambayo ndiyo hasa mwalimu wa darasa la kwanza atamtaka aifanye kwa macho. Na mchezo wa mwisho ni kinyume chake: wewe unampa vipande, yeye anaunganisha. "Nenda kaniletee pa… pa… i." Akirudi na papai mkononi, ujue anaunganisha silabi.

Dakika tano zinatosha, kumi ni nyingi. Akichoka, mwache.

Sasa tuje kwa mama mkwe wako, maana umemtaja kama vile ni sehemu ya tatizo: hakusoma, na anaongea Kidigo. Mimi namwona ndiye msaada mkubwa kuliko wote ulio nao. Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na maneno mengi kichwani, anayeweza kufuata hadithi kutoka mwanzo hadi mwisho na kuisimulia tena, atakapojifunza kusoma atakuwa na kitu cha kukielewa. Anayejua silabi lakini maneno ni machache atasoma sauti tupu. Maneno hayo mengi, tena ya aina ambayo hayasikiki dukani wala kwenye bajaji, yako kwa bibi.

Mwombe amtegee vitendawili jioni, wakati wewe uko kwenye samaki. Tazama kinachotokea mtoto anapoambiwa "Kuku wangu katagia miibani." Ni lazima ashike picha ya kuku, ashike picha ya miiba, aone kwamba kuku huyu si kuku, kisha azunguke kichwani mwake kutafuta kitu chenye miiba nje na kizuri ndani mpaka aseme nanasi. Au "Nyumba yangu haina mlango," naye afike kwenye yai. Hiyo ni kazi nzito ya akili, na anaifanya amekaa juu ya mkeka miguu imenyooka, hana habari kwamba anasoma. Akishindwa, bibi adai mji kama ilivyo desturi, ampe jibu, na kesho amtegee kile kile. Baada ya siku chache mwambie mtoto naye atege chake. Vitendawili vya watoto mara nyingi havina mantiki mwanzoni. Tegueni hivyo hivyo, kwa heshima zote.

Hadithi nazo zina namna ya kuzitumia. Bibi akifika mahali sungura ameingia kisimani, anyamaze kidogo amwulize, "Wewe ungetokaje?" Kesho yake wewe mwambie mtoto, "Mimi jana sikuwepo, nisimulie." Usimsahihishe anaposimulia. Muulize tu: halafu? kwa nini alikasirika? nani alimwona? Mwanzo atakupa sentensi mbili. Baadaye atakuchosha.

Na Kidigo kiendelee. Mtoto wa umri huo anaweza kubeba lugha mbili bila kuumia, na huzipanga kwa watu: hii ni ya bibi, hii ni ya mama na shule. Akichanganya maneno ni jambo la kupita. Kiswahili anakipata kwako, kwa baba yake, shuleni, madrasani na mtaani, hakitampotea. Bibi akilazimishwa kuongea lugha asiyoijua kwa undani, atabaki na maneno machache ya kuamuru, na utakuwa umemnyang'anya mtoto zile hadithi.

Niliposema kuamuru nimegusa jambo linaloniuma kidogo, na ningependa wazazi wenzangu wa pwani tulizungumze. Tunalea watoto kwa adabu, na mimi naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Lakini kaa siku moja usikilize maneno yanayokwenda kwa mtoto tangu asubuhi: njoo, lete, acha, kaa chini, vaa viatu, nyamaza, wakubwa wanaongea. Yote hayo hayamtaki mtoto ajibu kwa maneno; yanamtaka atii. Mtoto anaweza kupitisha siku nzima, mtiifu kabisa, bila kusema sentensi tano ndefu kwa mtu mzima. Akifika darasani mwalimu anamwuliza "Unaona nini kwenye picha?" naye anainamisha kichwa na kujing'ata kidole. Watu wanasema ni mzito, na uzito hana. Hajazoea kuulizwa anachofikiri.

Kumzungumzisha hakuondoi adabu. Mfundishe kusema "Mama, naomba kuuliza," mfundishe kungoja zamu mgeni anapoongea, kisha zamu yake ikifika umpe kweli. Chukua mfano mdogo. Anakuuliza, "Mama, mbona hiki kimeungua?" Jibu la haraka ni "Toka hapo utaungua na wewe." Jibu jingine ni, "Unadhani kwa nini?" Atasema moto. "Na hivi vingine mbona havikuungua, moto si huo huo?" Atafikiri, atasema kile kilikaa sana. "Sasa nifanye nini visiungue?" Vipunguzwe moto, vigeuzwe haraka. Mazungumzo hayo hayakukuchukulia hata dakika moja, mikono yako haikusimama, na mtoto ametoa sababu, amelinganisha, amependekeza. Mkifanya hivyo mara kadhaa kwa siku, kwa mwaka ni darasa kubwa.

Serikali nayo imeliona hili. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto tangu kuzaliwa mpaka miaka 8. Inazungumzia mambo matano: afya, lishe, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali, na malezi yenye mwitikio. Hilo la mwisho linasikika kama neno la semina, lakini ni hilo hilo la kitumbua kilichoungua: mtoto akisema, mtu mzima ajibu; mtoto akionyesha, mtu mzima atazame.

Hesabu unazo kwenye sinia. Kabla hujaanza, nikuombe jambo la usalama: mtoto asikae upande wa jiko. Mafuta ya vitumbua na ya samaki yanaumiza watoto kila mwaka. Mweke upande wa wateja, kwenye sahani, na awe pale kwa muda mfupi kabla ya shule, kwa kupenda mwenyewe.

Mteja akisema anataka vitumbua vitano, mwambie mtoto akuhesabie kwenye sahani. Mtazame kidole chake. Watoto wengi wa umri huo husema moja mbili tatu nne tano vizuri kabisa, lakini kidole kinagusa kitumbua kimoja mara mbili au kinaruka kingine. Maana yake anaujua wimbo wa namba, bado hajajua kwamba kila kitu kinapata namba moja tu. Mzoeshe kukisogeza kila anachokihesabu. Akishaweza hilo, muulize, "Kwa hiyo viko vingapi?" Akirudia kuhesabu upya tangu mwanzo, bado hajaelewa kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jibu la vyote. Hatua hiyo huja polepole, na huwezi kuisukuma kwa kumfikisha hamsini. Halafu panga vile vitumbua vitano kwa mstari, kisha vikusanye, kisha vitawanye, kila mara umwulize ni vingapi. Siku atakapokujibu "si ni vile vile vitano" bila kuhesabu, furahi. Mtoto anayezielewa kumi za kweli yuko mbele ya anayeimba mpaka mia.

Akipita kumi, Kiswahili kinamwonyesha njia chenyewe: kumi na moja, kumi na mbili. Mpangie vitumbua kumi upande mmoja na vilivyozidi upande wa pili, aone. Sarafu pia zinafaa kwa kupanga makundi, za 50 peke yake, za 100, za 200, za 500, ila asipewe kazi ya chenji. Thamani ya pesa ni ngumu kwa umri huo, maana sarafu moja inaweza kuzidi sarafu kadhaa nyingine.

Baba naye asiachwe nyuma. Kama ana safari fupi Jumapili, amchukue. Sisi wa Tanga tuna bahati ambayo miji mingi haina: mitaa ya Ngamiani inaitwa kwa namba. Wakikatiza Ngamiani amwulize, "Tumepita barabara ya nane, inayofuata ya ngapi? Na tukirudi nyuma?" Ya kwanza, ya pili, ya tatu, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Akirudi usiku mtoto amelala, basi asubuhi kabla ya kutoka amsimulie abiria mmoja tu wa jana na mzigo aliobeba. Mtoto anayesikia baba anasimulia huiga namna ya kusimulia.

Sasa lile daftari na machozi. Mkono wa mtoto wa miaka mitano haujakomaa; mifupa midogo ya kiganja bado inaendelea kuwa migumu na misuli ya vidole bado ni laini. Ukimpa mstari mwembamba wa daftari ajaze "a" ukurasa mzima, anaumia kweli, na anachojifunza ni kwamba kuandika ni adhabu. Mpe vidole kazi nyingine. Achambue mchicha. Achague mchele pamoja na bibi. Akande kibonge cha unga pembeni. Afunge na kufungua vifungo vya shati lake mwenyewe, hata mkichelewa kidogo. Akamue chungwa; hapa machungwa ya Muheza hayatupi shida. Acheze mdako, mchezo ambao vidole na macho vinafanya kazi pamoja, na ndani yake kuna kuhesabu.

Na achore. Uani mkishafagia, mpe kijiti achore mchangani, mistari mirefu, duara, ngalawa, samaki. Herufi zote tunazoandika zimetokana na mistari hiyo na mapinda hayo. Kwenye mchanga hakuna kosa la kudumu. Anafuta kwa mguu anaanza tena, na ndiyo maana huko halii. Akizoea, mwandikie jina lake kubwa mchangani, herufi ya kwanza kubwa na nyingine ndogo kama wanavyoandika shuleni, apite juu yake kwa kidole. Anza na herufi moja, ile ya mwanzo wa jina. Akishaimiliki hiyo, nyingine zitafuata.

Herufi kugeuka, b ikawa d, au namba 3 kuangalia upande wa pili, ni kawaida mpaka miaka saba hivi. Kikombe kikigeuzwa kinabaki kikombe, kwa hiyo mtoto haoni kwa nini herufi ikigeuzwa iwe kitu kingine. Mwonyeshe mara moja bila kelele, mwendelee. Madrasa haikusababisha hilo. Mtoto anaweza kabisa kujifunza kwamba haya yanaanzia kulia na yale yanaanzia kushoto. Tena kule anafanya mambo mawili yanayomjenga: anajifunza kwamba alama ina sauti yake, na anazoeza sikio na kumbukumbu kwa kuhifadhi sura. Nisichokitaka ni siku yake kujaa. Shule asubuhi, madrasa mchana, tuisheni jioni, daftari usiku: atacheza saa ngapi, na atalala saa ngapi? Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukiwemo. Akiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili usiku awe amelala. Na kombolela ya jioni na ukuti usimkatie. Kungoja zamu, kufuata kanuni, kugombana na kupatana ni mambo atakayoyahitaji darasani kila siku.

Vitabu. Hukuvitaja, nadhani kwa sababu havipo. Ukipata kimoja cha hadithi fupi chenye picha, kinunue na kisome naye mara nyingi, kidole kikipita chini ya maneno, hata kama anakijua chote. Lakini maandishi tayari mnayo mwilini: kanga. Siku ya kufua, mkizianika, mwambie atafute herufi ya jina lake kwenye maandishi ya kanga ya bibi. Ni makubwa na yako usawa wa macho yake, na bibi anaweza kumwambia kanga hiyo inasema nini hata kama hasomi, kwa sababu alipoinunua aliambiwa. Mtoto anajifunza hapo kwamba maandishi yanasema jambo, na yanasema jambo lile lile kila siku.

Halafu mtengenezee kitabu chake. Chukua karatasi nne za daftari, zikunje katikati, zishone kwa uzi kwenye mkunjo. Kila ukurasa achore kitu kimoja cha siku hiyo, na wewe uandike chini yake maneno yake mwenyewe, kama alivyoyasema. Akisema "Mama alikaanga pono. Pono ana meno," andika hivyo hivyo, msomee ukionyesha. Usiyapambe. Kesho atakisoma mwenyewe kwa kukumbuka, na katikati ya kukumbuka ataanza kutambua kwamba "pono" la juu na "pono" la chini yanafanana. Kitabu hicho atakishika kuliko chochote utakachokinunua.

Kuhusu tableti sitasema mengi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka miwili mpaka minne wasizidishe saa moja ya kioo kwa siku, na pungufu ni bora. Wako amevuka umri huo kidogo tu. Kioo kinaongea lakini hakimsikii mtoto anachojibu, na kusikilizwa ndiko anakohitaji. Tumia simu uliyo nayo kumrekodi bibi akisimulia, wasikilize pamoja siku umeme umekatika.

Na mtoto wa jirani? Mwache, anaendelea vizuri na Mungu ambariki. Kutaja A mpaka Z na kuhesabu mpaka hamsini ni kumbukumbu nzuri; haijaonyesha bado kama anaelewa. Mwanao anaanza kusoma kwa lugha anayoielewa, na akishajua kusoma, ujuzi huo atauhamishia kwenye Kiingereza, hatauanza upya. Ombi langu moja tu: usiwalinganishe mtoto akisikia. Wala asichapwe kwa kukosea herufi, na yeyote. Mtoto mwenye hofu anachunga mkono wa mtu mzima badala ya kuangalia herufi.

Kuna mambo ambayo mchezo na hadithi haviwezi kuyatatua, na ningependa uyaangalie wiki hii. Simama nyuma yake, mbali kidogo, umwite kwa sauti ya kawaida wakati anacheza. Haitikii mara nyingi? Anapandisha sauti ya redio, au anatazama mdomo wa mtu anapoongea? Masikio yamewahi kutoa usaha? Watoto wengi walioitwa wazito ni watoto wasiosikia vizuri. Angalia pia kama anasogeza uso karibu sana na picha, au kama watu wasio wa nyumbani hawaelewi anachosema. Ukiona lolote kati ya hayo, mpeleke kituo cha afya, na wakiona haja watakupa rufaa ya kwenda hospitali ya Bombo. Na mtoto aliyepauka, anayechoka haraka, apimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma humpunguzia mtoto umakini, na hiyo haitibiwi kwa daftari.

Mwisho pesa ya tuisheni. Tuisheni ya mtaani kwa umri huu mara nyingi ni watoto wengi kwenye baraza moja wakinakili ubao, yaani lile lile linalomliza, ila kwa malipo. Pesa hiyo igeuze iwe mayai na dagaa, kitabu kimoja cha picha, na kalamu za rangi. Kisha nenda shuleni ukaonane na mwalimu wake. Kiwango kilichowekwa ni watoto 25 wa awali kwa mwalimu mmoja, na unajua mwenyewe madarasa yetu yalivyo, kwa hiyo usiende kulalamika. Muulize mwanao anacheza na nani, kama anajibu anapoulizwa, kama anakaa karibu na ubao, na wiki hii wanajifunza sauti gani ili nyumbani mkate maneno ya sauti hiyo hiyo. Akiingia darasa la kwanza, mpe nusu mwaka. Ikifika katikati ya mwaka na bado hawezi kuunganisha silabi mbili alizozizoea, na masikio na macho yameshapimwa, niandikie tena na unieleze anakwama wapi hasa, na hapo suala la mwalimu wa kumsaidia peke yake tutalizungumza upya.